Gari la Nyamisati Halina Saa

Maparoni
Jumatatu, 9 Agosti 1993

Mke wangu mdogo Rukaiya binti Salumu,

Mie mzima, ila magoti yamegombana, la kulia halisemi na la kushoto. Weye sikuulizi, mtu anayeolewa haumwi.

Barua yako kaileta Mwajabu muuza samaki. Kaifunga kwenye pindo la kanga pamoja na ugoro wake, kwa hiyo nimeisoma huku napiga chafya. Na nimeisoma mwenyewe, usidhani nimeita mtu. Kisomo cha watu wazima nilimaliza mwaka sabini na tano nikawa wa kwanza, mwalimu akasema Bwanaheri, weye ungeanza mapema ungekuwa waziri. Watu wa hapa watakwambia tulikuwa wanne na wawili walikuwa hawaoni ubao. Usiwasikilize, wana kijicho.

Kumbe ndiyo unaniacha! Nimekubeba mgongoni, nimekupa vichwa vya samaki vyote mie nakula mkia, leo unaniandikia umepata Haitham, kijana wa Mzee Zubeiri wa Umwe, dereva wa pikapu ya Kibiti na Nyamisati. Ana nini huyo? Mie nina meno sita na yote yanafanya kazi. Yeye ana gari, na gari si lake, la mjomba wake.

Haya, nimemeza. Umeniandikia baba yako Salumu hayupo, Mungu amrehemu, basi mie babu yako mzaa baba ndiye walii wako, na bila mkono wangu ndoa haifungwi. Hilo nalijua tangu hujazaliwa. Ntakuja Kibiti, ntamshika huyo mwizi mkono mbele za watu, nimwambie nimekuoza, halafu nimfinye kidogo akumbuke.

Na safari usinihofie. Kibiti mie nimeiendea kwa miguu na furushi la samaki wa ng'onda kichwani kabla hao madereva wenu hawajajua kujifunga msuli. Natoka Nyamisati jogoo la kwanza, kesho yake mchana nipo Kibiti nakunywa kahawa. Simba nimekutana nao wawili, nikawaamkia, wakanipisha. Na gari si geni kwangu. Mwaka wa Uhuru nimepanda lori mpaka Dar es Salaam, nimekaa mbele, dereva akanambia Bwanaheri, shika usukani kidogo niwashe sigara. Nikaushika mpaka Mbagala.

Niandikie siku.

Ni mie mumeo,
Bwanaheri bin Seleman


Kibiti
18 Agosti 1993

Mume wangu mkongwe,

Shikamoo. Mama anakusalimia sana. Hiyo ya usukani nimemsomea mkwe wako akacheka mpaka akaacha unga unaungua. Amesema mwaka wa Uhuru lori halikuwa mbwa, huwezi kumpa mtu akushikie.

Siku ni Ijumaa tarehe 10 Septemba, baada ya sala, msikiti wa hapa Kibiti. Shehe Ismaily ndiye atafungisha. Wazee wa Haitham watatoka Umwe. Wewe njoo Alhamisi, upumzike.

Sasa nisikilize, babu. Usije kwa miguu. Najua utataka kujionyesha. Siku hizi hakuna mtu anayetembea, ukimwona mtu mzima yuko barabarani kwa miguu watu wanauliza kafiwa au kaibiwa. Tangu mambo yawe ruksa na watu wanaleta magari yao wenyewe, mie hapa kwenye cherehani yangu nikiinua macho ni gari, nikiinamisha ni gari. Mama anasema alipokuja kuolewa hapa mara ya pili, likipita basi watoto wote wanatoka mbio kulipungia. Sasa hivi hata kuku hainui shingo. Jirani yetu mama Yasmin anapanda gari kwenda Bungu kununua nazi, anarudi, anapanda tena kwa sababu kasahau vitunguu. Zamani ungesahau vitunguu ungekula bila vitunguu.

Kwa hiyo ukishuka mtumbwi pale Nyamisati, usiende popote. Zipo pikapu tatu. Ya Haitham siku hiyo haitakuwepo maana bwana harusi hafanyi kazi. Panda ya Twalha, kijana mrefu mwenye kofia nyekundu. Nimeshamwambia: akija mzee mwembamba anayejisifu, huyo ni babu yangu, mweke mbele. Mwendo wa saa nne tu upo Kibiti.

Haitham anakuogopa. Anauliza eti ni kweli uliwaamkia simba.

Wako mwenye kukuheshimu,
Rukaiya


Maparoni
28 Agosti 1993

Mke wangu,

Mwambie ni kweli. Mmoja aliitikia.

Barua yako imenichekesha na imenisikitisha. Kwa hiyo mtu anapanda gari kwa ajili ya vitunguu! Na humo ndani mnasemezana nini? Mwajabu kaniambia watu wanakaa wanatazama nje kama mbuzi wanaopelekwa mnadani, wakifika kila mtu anashuka na jina lake mfukoni. Sisi ukitembea na mtu siku mbili unajua jina lake, la mkewe, la paka wake, na kwa nini paka wake hapendi dagaa. Mie mke wangu wa kwanza, bibi yako, nilimpata njiani. Nilianza kumsalimia Nyamisati, mpaka Kibiti tumeshakubaliana. Ingekuwa gari lako la saa nne ningekuwa bado nipo kwenye "hujambo".

Na ulikuwa hulali porini. Katikati ya njia ilikuwepo nyumba ya Binti Sadala, mama mmoja mnene, mkarimu, mkali. Mgeni wa kwanza kufika anapewa kitanda, wa pili anapewa mkeka, wa tatu anapewa hadithi alalie hiyo. Mie nilikuwa nachelewa makusudi. Kitanda kina kunguni, hadithi haina.

Ila usiogope, neno lako nimelishika. Ntakuja na gari lenu. Kanzu nimeshonesha mpya, mfuko wa kifuani mkubwa, nguo ya mtu anayetoa mke si ya mchezo. Huyo Twalha mwambie aniachie nafasi ya mbele, na akichoka usukani mie nipo.

Alhamisi tarehe tisa, kabla ya magharibi, wekeni maji ya kuoga, ya moto, na mtu wa kunisugua mgongo asiwe mama yako, ana mkono kama gamba la kaa.

Mumeo ambaye bado hajakuacha,
Bwanaheri bin Seleman


Kibiti
Jumapili, 12 Septemba 1993

Babu,

Shikamoo. Leo sikuiti mume.

Alhamisi nimekaa barazani tangu adhuhuri. Kila gari likitokea upande wa Bungu nasimama. Maji ya kuoga tumeyachemsha mara tatu. Magharibi ikaingia, mama akasema labda amelala Nyamisati, atakuja asubuhi.

Ijumaa wamesali, wametoka, wamekaa. Wazee wa Haitham wametoka Umwe, mmoja wao ana miaka themanini na anashikwa mkono, naye amefika. Shehe Ismaily akauliza, walii yuko wapi? Mama akatuma jibu, yuko njiani. Baada ya alasiri akauliza tena. Yuko njiani. Mara ya tatu hakuuliza, alivaa viatu. Mie niko chumbani na hina mikononi na miguuni, nasikia wanawake wanapunguza sauti. Pilau limeliwa, babu. Limeliwa kama la msibani, watu hawatazamani.

Jana Mzee Zubeiri, baba yake Haitham, kaja kuzungumza na mama. Hakuwa mkali, ndiyo mbaya zaidi. Amesema, "Mzee wa Maparoni ni mtu wa chombo, amedharau dereva. Kama hamtaki kijana wetu angesema kwa mdomo, si kwa kutokuja." Watasubiri mwezi huu uishe. Wakiona kimya, watamposea Haitham binti wa huko Mbwara, tena wameshamtaja jina.

Nami nimeanza kufikiri hivyo hivyo. Barua zako zote ni za kuyacheka magari. Nilidhani utani.

Kama umeumwa, niambie, nitakuja mimi mwenyewe. Kama humtaki Haitham, niambie pia. Lakini niambie kweli.

Rukaiya


Maparoni
16 Septemba 1993

Rukaiya, Rukaiya,

Taratibu. Mtu mzima hagombezwi na karatasi.

Mie kumkataa Haitham? Nani kasema? Kosa ni lako weye! Weye mtoto wa Maparoni, umezaliwa maji yanagonga ukuta wa nyumba, halafu unapanga harusi mwezi ishirini na mbili Mfungo Sita! Umetazama Ijumaa, hukutazama mwezi. Mwezi ishirini na mbili ni maji nini? Maji mafu! Kijito cha nyuma ya nyumba hakijai, kina tope na kaa tu. Mtumbwi umekaa pale kama mgonjwa, mie naushika huku, naushika kule, hauendi. Hata bibi yako, hasomi, hangepanga safari maji mafu. Barabara imekusahaulisha. Ninyi wa barabarani mnadhani njia ipo tu siku zote, imelala inawangoja. Sisi huku njia inakuja mara mbili kwa siku, na siku nyingine haiji.

Kwa hiyo ni maji. Mwambie Mzee Zubeiri ni maji. Mwambie mie na madereva hatuna ugomvi, mie mwenyewe ni dereva wa zamani.

Na jambo lenyewe jepesi. Hamna haja ya mie kuja. Sheria inaruhusu walii atoe uwakili. Naandika hapa hapa: mie Bwanaheri bin Seleman nampa Shehe Ismaily uwakili wa kumuozesha mjukuu wangu Rukaiya binti Salumu kwa Haitham bin Zubeiri. Nimeweka na dole gumba, ile alama nyeusi si uchafu. Mfungishe hata kesho. Pilau langu mtanitumia kwa Mwajabu, nyama ziwe chini ya wali asizione.

Mumeo,
Bwanaheri


Kibiti
Jumapili, 19 Septemba 1993

Babu,

Shikamoo.

Mwajabu alileta barua yako. Nikamwambia, masikini babu, kumbe maji yalimkatalia. Akashika mdomo. Nikamwambia sema. Hakutaka. Nikamwambia, mama Mwajabu, mimi ndiye nilikaa na hina.

Amesema hivi. Alhamisi tarehe tisa alikuwa Nyamisati anakaanga samaki pale karibu na magari. Alikuona unakuja, umevaa kanzu mpya, umepaka mafuta, tope limekujaa mpaka magotini, umeinyanyua kanzu isichafuke. Ukapanda gari la Twalha, mbele, asubuhi, saa mbili haijafika. Ukakaa. Alikupelekea chai. Saa nane mchana ukashuka, gari likiwa palepale. Twalha akakuita, "Mzee, tunaondoka sasa hivi!" Hukugeuka.

Kwa hiyo maji yalikupitisha. Ulifika Nyamisati. Ulikuwa ndani ya gari, babu. Ilibaki kukaa tu.

Uwakili wako nimempelekea shehe, amesema unafaa, halali kabisa, anaweza kufungisha leo. Mimi ndiye nimekataa. Wazee wa Haitham wameshangaa, mama amenigombeza. Nimewaambia sina baba. Mkono wa kunitoa umebaki mmoja duniani, na upo Maparoni, mzima, unaandika barua za uongo. Siolewi na dole gumba.

Zimebaki siku kumi na moja mwezi uishe. Sikuombi uje. Nakuomba uniambie kwa nini ulishuka.

Rukaiya


Maparoni
22 Septemba 1993

Rukaiya mwanangu,

Barua hii nimeianza mara tatu. Mara mbili nimejikuta natia simba.

Mie sijapanda gari tangu nizaliwe. Lori la mwaka wa Uhuru ni uongo. Nilifika Kibiti kwa miguu, nikaliona limejaa watu wanaimba, nikakaa siku nne kwa Binti Sadala nakula bure, nikarudi nikasema nimetoka Dar es Salaam. Waliniuliza ikoje, nikasema kubwa. Miaka thelathini na mbili naisema hiyo kubwa. Mtu aliyeshika usukani mpaka Mbagala atasemaje kwamba hajawahi hata kufunga mlango wa gari?

Lakini si hilo lililonishusha. Uoga mie sina, kapimwe popote.

Weye tulikwambia baba yako alifia hapa Maparoni. Ulikuwa na miaka tisa. Hakufia hapa. Ilikuwa mwaka themanini na mbili, ile miaka ya kupanga foleni, sabuni hamna, mafuta ya gari hamna. Salumu kashikwa na tumbo. Nikamlaza kwenye mtumbwi, nikapiga upondo mpaka Nyamisati peke yangu. Nia yangu ilikuwa niingie mto mkubwa, nipandishe mpaka Utete hospitali, siku tatu, nilikuwa na nguvu. Watu wa Nyamisati wakaniambia, Bwanaheri, una wazimu, siku tatu na mgonjwa? Kuna gari linakuja leo, jioni yupo kitandani. Nikaona kweli, gari ni gari. Nikamtandikia mkeka pale pale.

Halikuja. Kesho yake wakasema limeshatoka Kibiti, sasa hivi. Nikamwambia Salumu, sasa hivi. Akasema, "Haya, baba." Mchana nikamwambia sasa hivi. Akasema, "Haya, baba." Alikuwa mpole, unajua. Siku ya tatu sikumwambia kitu. Nilikuwa nishaanza kuuteremsha mtumbwi, na alipokufa nilikuwa nao mkononi. Ningeondoka siku ya kwanza ningekuwa nimefika Utete. Gari lilikuja kesho yake, tupu.

Basi Alhamisi ile nimekokota mtumbwi kwenye tope na magoti haya, hilo la maji mafu halikuwa uongo wote. Nimepanda. Nimekaa. Nikasema mie leo naenda kumuoza Rukaiya. Twalha kijana mzuri, mwenye adabu, nikamuuliza tunaondoka lini, akasema, "Sasa hivi, mzee, bado watu sita." Baada ya chai wamebaki watano. Halafu mmoja akashuka. "Sasa hivi, mzee." Na lile gari limesimama pale pale nilipotandika mkeka, Rukaiya, hatua kumi hazifiki. Mie naweza kungoja maji, maji yana saa yake, hayajawahi kuniahidi yasije. Gari halina saa. Saa nane nikashuka nisije nikamtukana kijana wa watu.

Nikasema basi, naenda kwa miguu. Njia yetu haipo. Imelimwa mikorosho, na huko mbele ilipokuwa nyumba ya Binti Sadala nasikia siku hizi pana ukuta na mbwa. Nikamkuta mwanamke analima, nikamuuliza, mama, njia ya miguu ya Kibiti ni ipi? Akanitazama, akasema, "Kwa miguu, babu? Si usubiri gari?" Alasiri ilinikuta nimekaa chini ya mkorosho wa mtu, kanzu imeingia miba. Nikarudi Nyamisati. Njiani hakuna aliyenisalimia kwa kuwa hakuna aliyekuwepo.

Haitham sina neno naye. Mwambie hivyo. Ila hii barua usimsomee.

Babu yako,
Bwanaheri


Kibiti
25 Septemba 1993

Babu yangu,

Shikamoo, tena shikamoo.

Nimeisoma peke yangu mara mbili. Nimelia, basi, tusiseme sana. Halafu nimemsomea Haitham. Nisamehe. Ulikataza, lakini ningefichaje, wazee wake wanasema umemdharau. Aliichukua akaisoma tena mwenyewe. Kisha akasema, "Hilo neno la sasa hivi mimi nimelisema mara elfu. Sikuwahi kufikiri kuna mtu amelihifadhi." Akaenda mwenyewe kwa baba yake. Sijui walisema nini, nilichokiona ni Mzee Zubeiri kaja hapa kavua kofia, kamwambia mama, "Yule mzee asiguswe na maneno tena."

Sasa sikia. Ndoa inafungwa kwa mikono miwili, wa walii na wa muoaji. Bibi harusi hata msikitini haendi, anakaa chumbani kwao anangoja kuambiwa. Nimemuuliza shehe, kuna sheria inayosema mikono hiyo ikutane Kibiti? Akacheka, akasema mikono haichagui msikiti. Basi nikamwambia iende Nyamisati. Pale mtumbwi wako unapoishia na gari lao linapoanzia. Wao watakuja na pikapu mbili, shehe, wazee, na Haitham. Wewe utakuja na maji yako. Hakuna atakayemngoja mwenzake.

Ijumaa tarehe mosi Oktoba. Na usinifunze, mara hii nimetazama mwezi kabla ya kutazama siku: kumi na nne Mfungo Saba, bamvua kubwa. Maji yanajaa saa kumi alfajiri, unaondoka. Yanajaa tena saa kumi jioni, unarudi. Kijito cha nyuma ya nyumba kitakuwa kimejaa mpaka jikoni kwako.

Haitham anauliza alete nini kwa ajili ya kumchukua mke wa mtu. Nimemwambia meno.

Mkeo kwa siku sita zilizobaki,
Rukaiya


Nyamisati
Ijumaa, 1 Oktoba 1993

Kwa mke wa watu, Rukaiya binti Salumu,

Barua hii kaishika mumeo mwenyewe. Mkisoma msigombanie.

Imefungwa! Nimefika hapa jua halijapata joto, maji yamenibeba kama yai, upondo sikuutia nguvu. Kanzu nimeitoa miba yote. Wao wamekuja kabla ya adhana, pikapu mbili, Mzee Zubeiri kanishika kichwa na mikono yote miwili kama mtoto. Baada ya sala nimekaa uso kwa uso na mwizi wangu, magoti kwa magoti. Shehe kanambia sema. Sauti niliyoitoa, Mwajabu yuko huko nje na kikaango chake kasikia. Nimekuoza mjukuu wangu Rukaiya binti Salumu kwa mahari mliyopatana. Akasema nimekubali. Nikamfinya. Kapiga kelele kidogo, shehe kadhani ni furaha.

Halva nimekula robo nzima, mnisamehe.

Sasa hili jingine usimwambie mtu kabla sijalisema mwenyewe. Tumetoka msikitini, Haitham akafungua mlango wa gari, akasema, "Babu, panda nikupeleke gatini." Nikamwambia gati si ile pale, naiona, mie si mgonjwa. Akasema, "Panda tu, babu." Kina mama na matenga yao wameshaliona gari, wanakuja mbio, mmoja keshaweka mguu. Haitham akawaambia, "Samahani, mama zangu. Leo lina abiria mmoja." Nikapanda. Natazama pale mahali, napajua hata nikifumba macho. Namngoja aseme lile neno la sasa hivi. Hakusema kitu. Kaufunga mlango wangu, kazunguka, kawasha, na gari likaondoka.

Likaondoka, Rukaiya! Sikuwa hata nimeketi vizuri.

Nimeshika dirisha kwa mikono miwili na dua ninazozijua zimekwisha kabla ya duka la Huseni. Zilipokwisha nikaanza kumzungumzisha Salumu, kimoyomoyo. Nimemwambia nani anaendesha. Kisha tukafika. Nimeshuka kwa miguu yangu, sikutapika, na mtu akikwambia nililia, ni vumbi, hapa pana vumbi jingi.

Nilivyoshuka nimerudi mpaka msikitini kwa miguu, kuhesabu. Hatua mia tatu na kumi na mbili. Huo ndio mwendo wangu wa gari, mie Bwanaheri, na ukifika Maparoni utakuta umeshakuwa mrefu zaidi.

Nikamuuliza mumeo, na Kibiti ni hatua ngapi? Akasema hajui. Anakwenda kila siku ya Mungu na hajui! Nimemwambia fungate likiisha aje anichukue hapa, abiria mmoja hivi hivi, nije niwaone. Mie ntakaa mbele, ntahesabu kwa macho. Na tukifika pale penye ukuta na mbwa, ntamwambia apunguze mwendo nimwonyeshe nyumba ya Binti Sadala ilipokuwa, na nani alilala kitandani na nani alipewa hadithi.

Maji yamejaa, naona mtumbwi wangu unacheza. Muda wangu umefika.

Ni mie,
Bwanaheri bin Seleman, mwenye kupanda gari